Kibodi Ndogo na Kimya kwa Kiswahili Kingi

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga, na tunajua yuko mwalimu atakayetupiga na methali hiyo akiona safu yetu ya toleo hili inahusu kibodi. Tujitetee mapema. Methali inamsema yule anayetafuta jembe zuri ili siku ipite bila kulima. Sisi shamba tunalo tayari, tena kubwa: mazungumzo ya wazee wetu tuliyoyarekodi, ambayo chama kimeahidi kuyatia katika maandishi kabla ya muhula kwisha. Kila aliyewahi kunukuu sauti anajua hesabu yake. Saa moja ya masimulizi hula saa nne za kuchapa, na pengine zaidi, hasa mzee akiwa mcheshi na wajukuu wakicheza nyuma yake.

Kazi hiyo inafanyika wapi? Sehemu kubwa inafanyika hapa New Hope, katika vyumba vya kupanga ambamo baadhi yetu tunaishi wawili wawili au watatu watatu. Na wengi wetu tuna dada, kaka au mwenzetu wa chumba anayefanya kazi ya uuguzi au ya kutunza wagonjwa kwa zamu ya usiku. Ukichapa usiku unamwamsha anayewahi basi la alfajiri. Ukichapa mchana unamwamsha aliyetoka zamu asubuhi. Anayelipa nusu ya kodi ana haki ya usingizi wake wote, si nusu. Majira ya baridi ndiyo mabaya zaidi: madirisha yamefungwa, hakuna kwa kukimbilia, na kila mlio unabaki humo humo ndani.

Upande wa pili kuna mikono. Wamo miongoni mwetu walioanza kusikia maumivu ya kifundo cha mkono na ganzi ya vidole. Mkono ukigoma, kazi inasimama. Sauti zitaendelea kuwepo kwenye kompyuta, lakini mzee wa kutueleza maana ya neno la zamani la Kimvita au la Kingwana hatakuwepo daima. Kwa hiyo suala la kibodi si la urembo wa meza.

Kuna wanaosema kicharazio na kuna wanaosema baobonye. Humu tutasema kibodi, na kila kidude kinachobonyezwa tutakiita kitufe. Walimu watatuvumilia.

Udogo una ngazi zake

Kibodi kamili ya Kimarekani ina vitufe 104. Ile ya kulia kabisa, yenye tarakimu kama kikokotoo, ndiyo ya kwanza kuondoka. Mtu wa kunukuu masimulizi haihitaji, na faida ya kuiondoa ni kubwa: kipanya kinasogea karibu na mwili, na bega la kulia linaacha kunyoosha mkono mbali saa zote. Kibodi iliyokatwa hapo hubaki na vitufe 87.

Ngazi inayofuata huitwa asilimia 75. Hapa vitufe vimebanwa pamoja, karibu 84, lakini mishale minne ipo na safu ya juu ya F1 hadi F12 ipo. Chini yake kuna asilimia 65, ambayo huacha safu ya F lakini hubaki na mishale. Halafu kuna asilimia 60, yenye vitufe 61, isiyo na mishale kabisa. Ukitaka mshale lazima ushike kitufe cha Fn pamoja na herufi fulani.

Hizi za asilimia 60 ndizo zinazopendeza machoni, na zina heshima yake. Mojawapo maarufu, Happy Hacking Keyboard, ilitolewa mwaka 1996 na kampuni ya PFU ya Japani kwa mawazo ya Profesa Eiiti Wada, na mpaka leo ina watu wanaoiapia. Lakini tuchukue rula. Kitufe kimoja cha kawaida huchukua milimita 19 hivi. Upana wa vitufe vya kibodi ya asilimia 60 ni vitufe 15 vya kawaida vikipangwa kwa mstari. Wa asilimia 75 aghalabu ni 16. Yaani tofauti ya upana ni kitufe kimoja, kama sentimita 2. Kwa sentimita 2 hizo unatoa mishale yote minne na kitufe cha Delete. Kwa mchapaji wa Kiswahili, hiyo ni biashara ya hasara, na sababu yake ni sarufi.

Ngeli ndizo zinazodai mishale

Chukua sentensi hii: Kitabu kizuri kile kilichopotea kimepatikana. Umekwisha kuichapa, kisha unarudisha sauti nyuma na kugundua kwamba mzee alisema vitabu, si kitabu. Mchapaji wa Kiingereza angeongeza herufi moja mwishoni mwa nomino, labda agusie neno jingine moja, akaendelea. Wewe unatakiwa kufika: Vitabu vizuri vile vilivyopotea vimepatikana. Maneno matano, marekebisho sita, kwa kuwa lile la nne linabadilika mahali pawili.

Sasa tazama mabadiliko yalipo. Karibu yote yako mwanzoni mwa neno, maana ndiko viambishi vya upatanisho vinakokaa. Kwenye Windows, ukishika Ctrl na kubonyeza mshale wa kushoto au wa kulia, kishale cha maandishi huruka neno zima na kutua mwanzoni mwa neno linalofuata. Kinatua palepale penye kiambishi. Unabonyeza Delete mara moja, K inaondoka, unaandika V, unaruka tena. Watumiaji wa Mac hushika Option badala ya Ctrl, na kwao ni rahisi zaidi kwenda kinyumenyume, kwa mshale wa kushoto, kwa sababu ule wa kulia hutua mwishoni mwa neno.

Fanya zoezi hilohilo kwenye kibodi isiyo na mishale. Ctrl, Fn na herufi, vidole vitatu kwa kila mruko, kisha Fn na kitufe kingine ili kupata Delete. Mara moja si kitu. Katika kurasa 30 za mahojiano, ambamo wazee huanza sentensi kwa umoja na kuimaliza kwa wingi, ni mateso ya bure kwa mikono ileile inayouma.

Ndiyo maana tunasema mishale na Delete si anasa. Mtu anayenunua kibodi kwa ushauri wa wachapaji wa Kiingereza atasikia kwamba Delete haina kazi kwa kuwa Backspace inatosha. Inawatosha wao, ambao marekebisho yao mengi yako mwishoni mwa neno. Lugha yetu hubadilikia kichwani.

Kidole cha mwisho na herufi A

Kibodi tunayoitumia ilipangwa na Christopher Latham Sholes na wenzake huko Milwaukee, Wisconsin, jimbo jirani yetu. Hataza yao ya kwanza ya taipureta ni ya mwaka 1868, na mashine ikaanza kuuzwa na Remington mwaka 1874. Hakuna aliyefikiria Kiswahili. Herufi A iliwekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile kidogo na dhaifu kuliko vyote.

Hesabu A katika sentensi hii: Wanafunzi wanapata taabu kutafuta mahali pa kukaa. Ina herufi 43, na 15 kati yake ni A. Zaidi ya theluthi moja ya sentensi nzima imebebwa na kidole kimoja. Tulichagua maneno yanayoonyesha hoja yetu, hatukatai, lakini fungua ukurasa wowote wa Kiswahili uhesabu mwenyewe. Wakati huohuo Q na X zimelala usingizi wa pono, na C huamka tu ikiitwa na H.

Funzo lake ni uzito wa kitufe. Kibodi za swichi hutofautiana kwa nguvu inayohitajika ili kitufe kikubali. Swichi laini nyingi huhitaji kama gramu 45, na nzito hufika 60 na kupita. Gramu 15 huonekana si kitu ukibonyeza dukani kwa kidole cha shahada. Uliza kidole cha mwisho baada ya saa tatu za wa-na-ka-wa-pa-ta. Kwa hiyo ukijaribu kibodi, jaribu A kwanza, kwa kidole chake halisi, mara nyingi mfululizo. Kama kidole kinachoka pale dukani, nyumbani hakitapona.

Kelele hutoka wapi

Kelele ya kibodi ina vyanzo vitatu, na ni vizuri kuvitenganisha kabla ya kutoa pesa.

Cha kwanza ni mlio uliotengenezwa makusudi. Zipo swichi, mara nyingi za rangi ya buluu, zenye kipande ndani kinacholia kila kitufe kinapokubali. Zina wapenzi wake. Wakae nazo mbali na New Hope.

Cha pili ni kitufe kugonga chini. Hapo ndipo wengi wetu tunapopiga kelele bila kujua, kwa kuwa tunabonyeza mpaka mwisho hata baada ya herufi kutokea.

Cha tatu husahaulika: kitufe kikirudi juu nacho hugonga. Watu hununua vipete vya mpira na kuvivisha chini ya vitufe, kisha hushangaa kelele haijaisha. Vipete hivyo hupunguza mgongo wa chini tu, wa juu hubaki. Swichi zilizotengenezwa kuwa kimya, kama Cherry MX Silent Red, zina vipande vya mpira ndani ya swichi yenyewe, pande zote mbili, na kwa hiyo hunyamazisha kushuka na kupanda. Uzito wake ni kama gramu 45, unaotufaa.

Halafu kuna vitufe virefu: cha nafasi, Enter, Backspace na Shift. Hivi hushikiliwa na waya mdogo ndani ili visiyumbe, na waya huo ukiwa mkavu hutikisika na kulia. Kibodi inaweza kuwa kimya katika herufi zote kisha ikapiga makofi kila unapomaliza neno. Mafuta kidogo ya grisi inayofaa huuponya ugonjwa huo, lakini ni afadhali ununue isiyougua.

Si lazima iwe kibodi ya swichi. Zile nyembamba, zinazofanana na za kompyuta mpakato, nazo ni kimya, nyepesi, na hupatikana kwa bei ya chini. Kasoro yake kwa kazi ndefu ni kwamba kitufe husafiri kidogo sana, kama milimita moja au mbili, na mwenye mkono mzito huishia kugonga ubao siku nzima. Mwenye mkono mwepesi hatapata shida. Ziko pia kibodi za kuba la mpira za bei nafuu, ambazo huanza zikiwa kimya na laini, kisha mpira huchoka na kila kitufe kikawa na tabia yake. Na kwa wenye uwezo kuna za Topre, ambamo kuba la mpira na springi hufanya kazi pamoja. Ni nzuri mno kwa mkono, ila aghalabu bei yake hupita dola 200, na hapo tunakumbuka karo.

Dawa ya mwisho ya kelele ni rahisi kuliko zote. Meza tupu ya mbao ni ngoma. Tandika kitambaa kizito au mkeka wa mpira chini ya kibodi, na usiegemeze meza kwenye ukuta unaopakana na chumba cha mtu aliyelala. Anza na hilo kabla hujanunua chochote.

Tahadhari ya ng'

Lugha yetu ina bahati. Jirani Mkikuyu anahitaji ĩ na ũ, na Myoruba anahitaji nukta chini ya herufi na alama za toni juu yake. Mswahili anatoshwa na herufi zilizochorwa kwenye kibodi ya Kimarekani, pamoja na kitone kimoja cha juu kwa ajili ya ng'.

Kitone hicho kina mtego. Wanachama wanaosoma pia Kihispania au Kifaransa hupenda kuiweka kompyuta kwenye mpangilio wa Kimarekani wa Kimataifa ili wapate alama za lugha hizo. Katika mpangilio huo kitone hakitokei mara moja. Husubiri irabu inayofuata na kuivika alama. Ukichapa ng'ombe unapata ngómbe, ng'ambo inakuwa ngámbo, na ng'oa, kama ya jino, inakuwa ngóa. Ukifuta alama tu bila kurudisha kitone umeandika ngoa, ambayo ni wivu, na mzee aliyekuwa anasimulia habari za jino lake anageuka mwenye kijicho.

Kibodi haina kosa hapo, dawa iko kwenye mipangilio ya kompyuta. Rudi kwenye mpangilio wa kawaida wa Kimarekani unaponukuu, au bonyeza kitufe cha nafasi baada ya kitone ndipo uandike irabu. Unapokagua kibodi ndogo hakikisha kitone kiko mahali pake pa kawaida, kushoto kwa Enter, na si chini ya Fn.

Mtoto wa Glencoe

Mada ya kibodi haiwezi kupita Minnesota bila kumtaja August Dvorak, aliyezaliwa mwaka 1894 Glencoe, mji mdogo magharibi ya Minneapolis. Mwaka 1936 yeye na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio mwingine wa herufi, ambao leo umo ndani ya Windows na Mac bila malipo. Katika mpangilio wake irabu zote tano, A, O, E, U na I, zimekaa mstari wa katikati upande wa kushoto, kila moja karibu na vidole vinapopumzikia.

Kwa lugha ambayo maneno yake mengi ni konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, hilo linavutia. Chapa kitabu kwa mpangilio huo: baada ya silabi ya kwanza mikono inapokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja, kulia, kushoto, kulia, kushoto. Lakini si dawa kamili. A imebaki kwa kidole kilekile cha mwisho, na K iko upande wa kushoto pamoja na irabu, kwa hiyo ka, ki na ku zote zinaangukia mkono mmoja. Tena kujifunza upya huchukua wiki kadhaa ambazo ratiba yetu haina. Atakayependa ajaribu wakati wa likizo, na kwenye kibodi yake mwenyewe.

Kabla ya kulipa

Usinunue kwa picha. Micro Center ya St. Louis Park si mbali na New Hope, na huko unaweza kugusa kibodi nyingi kwa vidole vyako. Nenda na ukurasa wako wa Kiswahili. Majaribio yetu ni haya manne.

Chapa dakika tano bila kusimama, maandishi yenye saa, taa, kukaa, wanyang'anyi na ng'ambo. Usichape yale maneno ya Kiingereza ambayo kila mtu huyachapa anapojaribu kibodi. Hayatakuambia habari za A wala za ng'.

Badilisha sentensi moja kutoka umoja kwenda wingi, mwanzo hadi mwisho. Ukilazimika kutazama vidole ili kupata mshale au Delete, irudishe rafuni.

Bonyeza kitufe cha nafasi, Enter na Backspace mara kumi kumi, ukisikiliza. Dukani kuna makelele, kwa hiyo inamisha sikio.

Uliza siku za kurudisha bidhaa, kisha fanya jaribio la nne nyumbani: acha simu ikirekodi kwenye chumba cha pili, mlango umefungwa, nawe uchape. Ukijisikia kwenye rekodi, mwenzako anakusikia kitandani.

Ambaye hana pesa za kibodi mpya asivunjike moyo. Mkeka chini ya kibodi aliyonayo, na mapumziko ya dakika chache kila nusu saa, vitamsaidia kuliko kibodi ya ghali asiyopumzika mbele yake. Na Maktaba ya Rockford Road, hapo Crystal, mtu anaweza kuchapa mchana bila kumkosesha usingizi aliyetoka zamu.

Pendekezo letu kwa mkutano ujao ni hili. Chama kinunue kibodi mbili za asilimia 75, zenye swichi kimya za gramu 45, mishale minne na Delete yake, za kuunganishwa kwa waya ili tusihangaike na betri. Ziazimwe kwa zamu, kwa wiki, na wa kwanza kuzipata wawe wanaoishi na wafanyakazi wa usiku na wale ambao mikono imeanza kuwauma. Mwenye hoja nyingine aje nayo, ila aje ameijaribu kwa Kiswahili.